Tulivyoigandisha Kariakoo Ndani ya Ndoo

Kijiwe chetu hakimo kwenye ramani yoyote, lakini ukifika Kariakoo ukauliza wanapokaa wale watu wasiokosea, utaelekezwa. Ni benchi moja refu la mbao lililoegemezwa ukuta wa nyumba ya Bi Moza, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita iliyobaki peke yake katikati ya maghorofa. Kushoto kwetu kuna uzio wa mabati, na nyuma ya mabati kuna shimo la ghorofa jipya. Wajumbe wa kudumu ni watatu. Kuna Shomari muuza kahawa, tunamwita Jaji kwa sababu hamimini kikombe bila kutoa hukumu. Kuna Zakayo, anauza viatu vya mitumba Mchikichini, tunamwita Satelaiti, maana habari humfikia kabla hazijatokea. Halafu kuna mimi, Nassibu, fundi friji, jina la kijiweni Gesi. Nilidhani nimepewa jina hilo kwa heshima ya kazi yangu. Ilinichukua miaka minne kujua sivyo, walimaanisha maneno yangu yaliyojaa hewa.

Asubuhi moja tulikuwa na kesi nzito. Kariakoo ukichimba kidogo tu unakutana na maji, na lile shimo lilikuwa linajaa kila wakilikausha. Kwa hiyo wajenzi wamekuja na mpango wa kuigandisha ardhi. Watazamisha mabomba kuzunguka shimo, mengine yapite chini ya ua wa Bi Moza, wazungushe humo maji ya chumvi yenye baridi kali mpaka mchanga wenyewe ugande uwe ukuta. Ukuta huo ukishasimama maji hayapiti, wanachimba pakavu. Ila kabla ya yote wanataka saini ya Bi Moza, na mhandisi angepita saa nne kuichukua.

Bi Moza hana nyumba nyingine. Alizaliwa chumba cha mbele, na ndugu zake wote aliwazika wakitokea humo humo. Siku mbili kabla ya hapo aliniletea ile karatasi ya kusaini gerejini kwangu, akaiweka juu ya friji nililokuwa nalifungua, akaniambia, “Nassibu mwanangu, mimi haya mambo siyajui. Wewe ndiye fundi wa barafu. Ukisema nisaini, nasaini.” Nikamwambia anipe siku mbili nifanye utafiti. Neno utafiti lilinitoka vizuri sana, mpaka nikalirudia.

Basi saa mbili na nusu tukakaa.

— Tuanze na mtu mwenyewe, — Jaji alifungua kikao huku akinimiminia. — Huyo mhandisi ni nani?

— Binti mmoja anaitwa Selina, — Satelaiti akadaka. — Nimeshamchungulia. Anakuja na laptopu, anakaa pale kwenye kontena lao asubuhi mpaka jioni anacheza gemu.

— Gemu gani?

— Linaitwa simulesheni. Yaani kompyuta inajifanya ndiyo ardhi. Yeye anaiambia, mchanga uko hivi, maji yako hivi, bomba nimeweka hapa, haya ganda nikuone. Inaganda mle mle kwenye kioo! Wekundu unageuka bluu, bluu inatambaa mpaka chini ya nyumba ya Bi Moza.

— Sasa kama imeshaganda kwenye kompyuta, saini ya nini tena?

— Ndo hapo, Jaji!

— Mahakama imelipokea hilo, — Jaji akasema, akapuliza mkaa. — Na hiyo kompyuta imetengenezwa wapi? Kwenye nchi za baridi. Kazi yake ni theluji. Haijawahi kukaa Kariakoo saa saba mchana mwezi wa pili. Ukiiambia joto, yenyewe inadhani unasema joto la kwao, lile la kuvulia koti moja ukabaki na mengine mawili.

Hapo nilitakiwa, kama mtaalamu, niwarudishe kwenye mstari. Nikanywa funda moja, nikakohoa.

— Sikilizeni, hii kitu ni friji tu. Mabomba yale ni yale yale ya nyuma ya friji, ila yamenenepa. Kwa hiyo Kariakoo itakuwa friji, na nyumba ya Bi Moza ni trei la mayai lililokaa juu yake.

— Na mlango? — Satelaiti akauliza.

— Mlango gani?

— Friji bila mlango linapoza nini, Gesi? Si wewe mwenyewe ulimgombeza shemeji yangu eti mlango wake haufungi?

Swali lilinitoa jasho, wallahi. Jaji akaniokoa.

— Mlango ni hilo ghorofa lenyewe, — akasema. — Kwa nini unafikiri wanajenga juu ya shimo? Wanafunika.

Tukatikisa vichwa kukubali. Ilikuwa na mantiki kabisa kwa saa ile.

— Tatizo mnafikiria padogo, — Satelaiti akasema, na sauti yake ikashuka kama anatoa siri ya serikali. — Baridi haina hati ya kiwanja. Nani ataiambia iishie kwenye ua wa Bi Moza? Itatambaa. Leo hapa, kesho Gerezani, keshokutwa Mnazi Mmoja. Mwezi haujaisha iko Mchikichini. Watu watatembea wanatetemeka. Mimi nimeshaagiza belo zima la buti zenye manyoya ndani.

— Acha uongo!

— Linakuja Jumanne. Waulize wenzangu sokoni.

— Na ikifika Kivukoni? — Jaji akazidi kupandisha. — Samaki watakuwa wanavuliwa wameshaganda humo humo baharini. Pale Feri mnadani itabidi wawapigie nyundo kwanza ndipo waseme huyu changu, huyu kolekole.

— Na pantoni je?

— Pantoni ya nini? Watu wa Kigamboni si watavuka kwa miguu!

Nikaona mambo yanaharibika. Nikasimama.

— Nyie endeleeni kupiga soga. Mimi nimefanya majaribio.

Nikavuka kwenda gerejini kwangu, nikarudi nimekumbatia ndoo. Siku ile ile Bi Moza aliponiletea karatasi, nilimwomba mlinzi wa shimo anijazie ndoo ya mchanga wa mle chini, na maji yake yale yale. Nikaufungia kwenye friza la Sabaha, mteja wangu anayeuza barafu za ukwaju. Friza lilikuwa limeshapona tangu wiki iliyopita. Kila akipiga simu nilimwambia bado nalipima, na kwa siku hizo mbili nilikuwa nasema kweli.

Nikaigeuza ndoo mbele ya benchi, nikaipiga makofi makalioni. Likatoka donge zima la mchanga, jeupe kwa baridi, linafuka moshi. Nikachukua nyundo nikalipiga. Nyundo ikaruka, nusura inivunje goti.

— Lahaula! — Jaji akaruka. — Zege!

— Hiyo ndiyo simulesheni, — nikasema. — Bila laptopu, bila kontena, bila kwenda chuo.

Satelaiti akaligusa kwa kidole, akakitia haraka mdomoni. Ila Jaji, kama kawaida yake, akaleta pingamizi.

— Nyumba iko wapi? Hapa naona ardhi tu. Huwezi kutoa hukumu ya nyumba bila kuwepo nyumba.

Kweli bwana. Tukaanza kutafuta nyumba. Tukajaribu tofali, Satelaiti akasema nyumba ya Bi Moza si ya matofali, ni ya udongo na miti, tena imeinama kidogo. Kilihitajika kitu cha zamani, kizito, chenye heshima zake. Macho yetu yote matatu yakaenda kwenye dele la kahawa.

Dele la Jaji ni la shaba, alirithi kwa baba yake, na linakaa juu ya jiko lake dogo la mkaa, vimeunganishwa. Jaji alisitasita. Halafu uanasayansi ukamshinda, akalibeba dele na jiko lake, akaliweka juu ya donge taratibu.

— Bi Moza huyo, — akasema.

Likasimama. Halikutikisika. Nikagonga ubavu wa donge, likatulia tuli. Satelaiti akapiga makofi. Mimi nikakimbilia dirishani kwa Bi Moza kabla furaha haijanipoa.

— Bi Moza! Shikamoo!

— Marahaba. Vipi, Nassibu?

— Saini!

— Una uhakika?

— Mia kwa mia. Nimepima mwenyewe. Nyumba yako hata kikombe hakitaanguka.

— Haya. Ngoja nitafute miwani, — akasema, nikasikia ameshusha pumzi ndefu.

Niliporudi kwenye benchi nilikaa nimenyanyua mabega. Watu wachache wanaijua raha ya kumwondolea mzazi wasiwasi, na mimi nilikuwa naifaidi yote bila kuifanyia kazi.

Saa nne kamili akatokea Selina, kofia ngumu kichwani, buti zimejaa tope, mkoba wa laptopu begani.

— Shikamooni.

— Marahaba, — tukaitikia sote, hata Satelaiti ambaye amemzidi labda miaka sita.

Akaliona donge na dele juu yake.

— Hii nini?

— Simulesheni, — nikasema, nikakunja nne.

Tulijiandaa acheke ili tumkaange. Hakucheka. Akachuchumaa akaliangalia ubavuni.

— Mchanga wa wapi?

— Wa shimo lenu.

— Mmegandisha kwa nyuzi ngapi?

— Za kutosha, — nikasema. — Kitufe nilikizungusha mpaka kikagoma.

— Siyo mbaya, — akasema.

Siyo mbaya! Kutoka kwa mhandisi! Nilimwangalia Jaji kuhakikisha amelisikia neno lile kama lilivyo. Selina akatuomba nafasi, tukambanisha katikati ya benchi, akafungua laptopu.

— Hii hapa ni nyumba ya Bi Moza. Hivi vidoa ni mabomba, moja kila baada ya mita moja. Siku ya kwanza, mnaona? Hakuna kitu. Siku ya kumi, kila bomba limejizungushia barafu yake. Siku ya thelathini barafu zinaanza kushikana. Siku ya arobaini zimekuwa ukuta mmoja.

Wallahi ilipendeza. Bluu ilikuwa inakua pole pole kutoka kila kidoa, na sisi watatu tumetoa macho.

— Na nyumba inasemaje? — Jaji akauliza, sauti imeshapungua ujaji.

— Maji yakiganda yanavimba, kwa hiyo ardhi inanyanyuka kidogo. Ukuta huu tulioegemea utapanda milimita sita.

— Sita! — Satelaiti akashtuka, akatuonyesha kwa vidole upana wa mkate wa boflo.

— Sita ni hivi, — Selina akasema, akamwonyesha kwa vidole vyake. Mwanga ulipita kwa shida.

— Umeme ukikatika? — Jaji akauliza.

— Kuna jenereta mbili. Na hata zikizima zote, ukuta ule hauyeyuki kwa siku moja.

— Na mlango? — nikamwuliza.

— Mlango wa nini?

— Basi, achana nao.

Akabonyeza mara ya mwisho. Bluu ikajaa pembe zote, nyumba imekaa juu yake kimya.

— Siku ya tisini. Hapa zege la chini limeshakamilika, shimo kavu, nyumba imesimama. Hii ndiyo picha niliyomwonyesha Bi Moza.

— Inalingana na ya kwetu, — nikasema, nikamwonyesha dele letu.

Mlango ukalia, Bi Moza akatoka. Kanga mbili, miwani imefungwa uzi, karatasi mkono mmoja na kalamu mkono mwingine. Tukampisha akakaa pembeni kabisa ya benchi, nikampa daftari langu la kazi aandikie juu yake.

— Wapi, Nassibu?

— Hapo kwenye mstari.

Akaiangalia karatasi. Akauangalia ukuta wake. Akaifunga kalamu, akaifungua tena, na mimi nikadhani ni uzee.

— Una uhakika kweli, mwanangu?

— Bi Moza, nimekaa na barafu miaka ishirini. Saini.

Akaanza kuandika, akakandamiza kalamu kama mtoto wa darasa la kwanza. Ndipo Jaji akapiga ukelele ambao mpaka leo wauza vitenge wa ng'ambo ya barabara wanauigiza.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba ndani ya lile jiko mlikuwa na mkaa unaowaka. Muda wote tunaangalia kompyuta, moto ulikuwa unafanya kazi yake chini. Upande mmoja wa donge ulikuwa umelegea umekuwa uji, upande mwingine bado jiwe. Dele likainama upande wa uji, pole pole, kwa adabu zote. Jaji akarusha mikono, akachelewa. Likaanguka. Kahawa yote ikamwagika, nusu chini, nusu kwenye suruali ya Jaji, mkaa ukatawanyika, mfuniko ukaviringika mpaka kwenye buti la Selina.

— Dele la baba yangu! Jamani, dele la marehemu!

— Nani kaweka moto juu ya barafu? — nikafoka.

— Wewe!

— Mimi? Nani alilibeba?

— Nilibeba kwa amri ya fundi!

— Fundi gani, fundi mwenyewe Gesi! — Satelaiti alikuwa amelala juu ya benchi kwa kicheko, machozi yanamtoka.

Nami nikaanza kucheka, na Jaji akacheka huku anaruka na suruali ya moto. Aliyekuwa hacheki ni Bi Moza. Alikuwa ameinama analitazama lile donge. Akanyoosha mguu, akalibonyeza kwa ncha ya ndala upande ule uliolegea. Ndala ikazama.

— Binti, — akamwita Selina. — Mkishamaliza chini huko, hizo mashine zenu za baridi mtazizima?

— Tutazizima, Bi Moza.

— Na ikiyeyuka?

Kicheko kikakatika. Jaji akainama akaanza kukamua suruali yake. Satelaiti akatoa simu mfukoni akaanza kuipekua, na simu yenyewe ilikuwa haina chaji tangu asubuhi. Halafu wote wakanigeukia mimi. Miaka ishirini ya mafriji, jamani. Nusu ya kesi zinazokuja gerejini kwangu ni za kuyeyuka, maji yamejaa jikoni, sakafu imeoza, kabati limevimba. Na kwa siku mbili nzima za utafiti wangu, kitu hicho sikukiwaza hata dakika moja.

Tukamgeukia Selina. Akabonyeza laptopu. Picha ikabaki ile ile. Akabonyeza tena.

— Siku ya tisini na moja haipo, — akasema.

— Haipo vipi? — nikauliza.

— Niliambiwa niiendeshe mpaka zege likamilike. Nikaishia hapo.

— Kwa hiyo nyumba yangu itakuwaje, hujui.

Selina akainua macho akamtazama usoni.

— Sijui, Bi Moza. Mchanga ulioganda ukiyeyuka unatulia upya. Unaweza kushuka kuliko ulivyopanda, na upande mmoja ukatangulia. Kwa nyumba hii ni kiasi gani, sijui.

Tangu lile benchi liwekwe pale, neno hilo la “sijui” lilikuwa halijawahi kutamkwa na mtu aliyekaa juu yake. Tulimwangalia yule binti kwa mshangao kabisa.

— Naomba karatasi, — akasema. — Usisaini. Naenda kuiendesha mpaka barafu yote iishe. Ikionyesha nyumba inaumia, mpango wa mabomba utabadilika, na hata karatasi itabadilika iseme nani anawajibika.

— Na wakubwa zako? — Bi Moza akauliza.

— Watanigombeza, — Selina akasema, na uso wake ulionyesha hatanii. Akaipokea ile karatasi. Kwenye mstari palikuwa pameshaandikwa M kubwa na nusu ya herufi ya pili. Akaikunja, akaiweka mkobani, akaondoka kwa haraka kuelekea kwenye kontena.

Bi Moza alibaki amekaa na kalamu yake. Jaji na Satelaiti wakapata kazi ghafla ya kuokota mkaa.

— Nassibu.

— Naam, Bi Moza.

— Ulisema una uhakika.

— Nilisema.

— Ulikuwa nao?

Ningeweza kumtajia nyundo ilivyoruka. Ningeweza kumtajia ile “siyo mbaya” ya mhandisi. Vyote vilikuja mdomoni, nikavimeza.

— Nilitaka niwe nao, — nikasema.

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, bila hasira yoyote.

— Mimi sikuwa nao hata chembe, — akasema. — Nilikuwa nasaini kwa kuuamini huo wako.

Akanirudishia daftari langu, akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Bora angenitukana, maana matusi nimeyazoea na nina majibu yake. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Nikapiga magoti kwenye lile tope la kahawa na mchanga, nikaanza kuokota mkaa pamoja na wenzangu, na hakuna aliyenitania.